Springi za bagi za mbio
Springi za bagi, yaani gari dogo la mbio za vumbi linaloongozwa kwa redio, ni mizunguko ya waya wa feleji inayovishwa juu ya shokapu. Hubeba uzito wa gari na kuyarudisha matairi ardhini baada ya tuta, huku mafuta yaliyomo ndani ya shokapu yakituliza mrukoruko.

Ugumu wake
Waya ukiwa mnene zaidi kwa asilimia 10 tu, ugumu huongezeka kwa takriban asilimia 46. Mizunguko ikipungua, ugumu huongezeka pia. Rangi huonyesha ugumu, lakini kila kampuni ina mpangilio wake.

Uchaguzi
Njia yenye mashimo au utelezi hufaa springi laini. Kwenye zulia au udongo unaoshika vizuri, springi ngumu huzuia gari lisilale sana kwenye kona. Springi laini mbele humsaidia dereva kukata kona. Laini nyuma hulituliza gari linapoongeza mwendo. Springi ngumu huhitaji mafuta mazito zaidi.

Kukaza pete ya shokapu hakuifanyi springi kuwa ngumu. Huinua gari tu.