UoN au Strathmore? Piga Hesabu ya Miaka Minne Kwanza

Kila vyuo vinapoita wanafunzi wapya, nyumba nyingi hugawanyika. Kijana ana barua ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na Strathmore pia wamemkubali. Mama anasema UoN, kwa sababu ya karo. Mjomba aliye jijini anasema Strath, kwa sababu ya kazi. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, watu wameshaanza kuandika "tutachanga".

Hapo kwa kuchanga ndipo tunaomba mtulie kidogo. Harambee hujaa muhula wa kwanza. Ukifika muhula wa tatu, simu hazishikwi. Na vyuo vingi havikuruhusu kuingia chumba cha mtihani ukiwa na deni la karo. Sote tunajua familia ambayo mtoto alirudi nyumbani mwaka wa pili, si kwa kufeli, ni pesa tu ziliisha.

Kwa ubora, hakuna chuo cha kudharauliwa hapa. Strathmore ilianza 1961 kama koleji, na jina lake limejengwa na uhasibu na biashara. UoN imekuwa chuo kikuu kamili tangu 1970. Ukitaka udaktari wa mifugo, kwa mfano, Kabete ndiko kwenyewe. Wangari Maathai alifundisha kitivo hicho hicho.

Tofauti kubwa iko kwa nani analipa. Katika mfumo ulioanza 2023, mwanafunzi aliyepangwa na KUCCPS kwenye chuo cha umma hupimwa uwezo wa familia yake, kisha gharama inagawanywa: ufadhili wa serikali, mkopo wa HELB, na kiasi cha familia. Kwa chuo cha binafsi, ufadhili haupo. Unabaki na mkopo, na mkopo hurudishwa na riba.

Sasa chukua kalamu. Tuseme familia inatakiwa kutoa 120,000 kwa muhula, mihula miwili kwa mwaka. Hiyo ni 20,000 kila mwezi, miezi 48 mfululizo, kabla ya chakula, nauli na nyumba. Jiulize: hiyo elfu ishirini inatoka wapi mwezi wa Februari, mahindi yakiwa yameshauzwa na wadogo zake pia wanadaiwa karo?

Lakini umma nao una gharama isiyoandikwa kwenye barua. Mgomo wa wahadhiri ulioanza Septemba 2025 ulidumu siku 49. Kama mwanafunzi amepanga bedsita ya 8,000 kwa mwezi, hizo ni karibu 13,000 za kukaa bila darasa. Mkopo nao unaweza kuchelewa, na mama mboga hangoji HELB. Kwa hivyo ukichagua umma, weka akiba ya muhula mmoja wa ziada. Wengi hawaweki.

Maoni yetu? Kama 20,000 hizo zinatoka kwa mshahara au biashara inayosimama bila harambee, na kozi ni ile Strathmore inasifika nayo, lipa bila wasiwasi. Kama zinatoka kwa shamba linalouzwa kipande kwa kipande, nenda UoN kifua mbele. Kuna walio katikati: hao waulize kwanza ofisi ya msaada wa karo pale Strathmore, na waulize kabla ya kulipa chochote.

Ukishaamua, pesa zisitumwe kwa nambari ya mtu binafsi, hata akisema yeye ni wa ofisi ya usajili. Msimu huu ndio matapeli huvuna. Chukua nambari ya Paybill kwenye barua ya chuo au tovuti yake, si kwenye ujumbe uliosambazwa. Kwa nambari ya akaunti, andika ile chuo kinayoelekeza, kama ilivyo, na usome jina la mpokeaji kwenye skrini kabla ya kukamilisha malipo. Wajomba na mashangazi nao watume moja kwa moja huko, hata kama ni elfu mbili mbili. SMS ya muamala usiifute mpaka salio la mwanafunzi libadilike kwenye mfumo wa chuo.