Mbio za baba mwenye mtoto mchanga: somo la msambaza maziwa wa Auckland (Sehemu ya Nne)

Tangu Septemba 15, 2025, siku Alphonce Simbu alipoinyakua dhahabu ya marathoni ya dunia mjini Tokyo, barabara zetu za alfajiri zimepata watu wapya. Simbu na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule wa saa 2:09:48, wakatenganishwa na sehemu 3 za mia za sekunde. Tanzania haikuwahi kupata dhahabu katika Mashindano ya Dunia ya Riadha kabla ya siku hiyo, na ushindi huo umewatoa kitandani hata waliokuwa hawajakimbia tangu mchakamchaka wa shuleni.

Miongoni mwa walioniandikia baada ya makala iliyopita, wengi ni akina baba vijana waliojaliwa mtoto karibuni. Malalamiko yao yanafanana: usingizi haupo, mwili umelegea, kitambi kimeanza kuchungulia. Wanauliza kama mbio zitawafaa, na waanzeje. Nawajibu kwamba zitawafaa sana, mradi wakimbie polepole. Ili wanielewe kwa nini nasisitiza neno hilo la mwisho, sina budi kuwapeleka New Zealand.

Waliokuwa nasi tangu sehemu ya kwanza wanaukumbuka mji wa Christchurch. Hapo ndipo Filbert Bayi, kijana wa Karatu mwenye miaka 20, alipoongoza mita 1,500 tangu bastola ilipolia hadi utepeni, Februari 2, 1974, akaandika rekodi ya dunia ya dakika 3:32.2. Tulichokiacha siku ile ni kwamba John Walker, mwenyeji aliyeshika nafasi ya pili, naye aliivunja rekodi ya zamani ya Mmarekani Jim Ryun. Nchi ya watu wapatao milioni 3, iliyo mbali na kila mahali, iliwezaje kumtoa mkimbiaji wa aina hiyo? Kocha wa Walker, Arch Jelley, alifuata mafundisho ya mtu mmoja ambaye nimekuwa nikimsoma kwa miaka mingi bila kumchoka: Arthur Lydiard.

Lydiard alizaliwa Auckland mwaka 1917. Hakusomea michezo wala udaktari. Alifanya kazi katika kiwanda cha viatu, na kwa muda alisambaza maziwa usiku ili familia ipate riziki. Alicheza raga, akajihesabu kuwa mzima wa afya. Katikati ya miaka ya 1940, Jack Dolan, kiongozi wa klabu ya riadha ya Lynndale, alimchukua wakakimbie maili 5, yaani kilomita 8. Dolan alikuwa amemzidi umri, lakini alikwenda bila taabu. Lydiard alirudi hoi, kifua kinamwaka na miguu haimbebi. Akajiuliza: ikiwa nina miaka 27 na niko hivi, nitakuwaje nikifika 47?

Swali hilo kila baba angepaswa kujiuliza siku mtoto anapozaliwa. Fanya hesabu mwenyewe. Aliyepata mtoto akiwa na miaka 27, akifika 47 mtoto ndiyo kwanza ana 20. Yuko chuoni, ada haijaisha, na bado anamhitaji mzee wake akiwa na akili timamu na miguu inayotembea.

Lydiard alilijibu kwa vitendo. Kwa kuwa hakuridhika na vitabu vya wakati ule, alijifanyia majaribio mwenyewe. Kuna wiki alizozidisha kilomita mpaka akakaribia kuanguka, na wiki alizopunguza, huku akipima kipi kinamjenga na kipi kinambomoa. Mwaka 1950 alivaa jezi ya taifa lake katika marathoni ya michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika hapohapo Auckland. Baadaye vijana wa mtaani wakaanza kumfuata. Aliwakimbiza Jumapili katika vilima vya Waitakere, mzunguko wa kilomita zipatazo 35, na hakumsamehe hata Peter Snell aliyekuwa mtu wa mita 800.

Matunda yalionekana Roma mwaka 1960. Snell alichukua dhahabu ya mita 800. Siku hiyohiyo Murray Halberg, ambaye mkono wake wa kushoto ulilemaa kwa ajali ya raga, alichukua ya mita 5,000. Barry Magee akapata shaba katika marathoni ile ambayo Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda pekupeku. Wote watatu walilelewa na fundi viatu mmoja.

Hata hivyo, kwangu mimi medali hizo si kazi yake kubwa kuliko zote. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Lydiard aliwakusanya wafanyabiashara wa makamo na wazee wa Auckland, wengine wakiwa wamekwisha kupata shambulio la moyo. Zama hizo mgonjwa wa moyo aliambiwa alale na asijichoshe. Yeye aliwaambia wakimbie, lakini kwa mwendo unaomruhusu mtu kuzungumza na mwenzake. Ukishindwa kuongea, umezidisha, tembea. Bill Bowerman, kocha maarufu wa Chuo Kikuu cha Oregon, alipowatembelea alikaribishwa kwenye mbio hizo, akaachwa nyuma na mzee aliyemzidi umri kwa miaka zaidi ya 20, tena aliyewahi kuugua moyo. Bowerman alirudi Marekani akaanzisha mazoezi ya wananchi wa kawaida, kisha akaandika kitabu pamoja na daktari wa moyo, na jogingi ikaenea duniani. Vikundi vyetu vya jogingi vya Jumapili asubuhi, vyenye fulana za rangi moja na nyimbo, ni wajukuu wa msambaza maziwa yule.

Sayansi nayo ilikuwa imeanza kumuunga mkono. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris alichapisha utafiti wake kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walitoka katika tabaka moja na walifanya kazi katika gari moja, lakini madereva waliokaa kutwa waliugua moyo zaidi kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi. Morris mwenyewe alishika mbio, akaishi hadi miaka 99.

Mwendo wa polepole humjenga mtu kwa njia hii. Moyo hujifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, vimishipa vidogo huongezeka ndani ya misuli, na misuli huzoea kutumia mafuta kama nishati. Moyo na mapafu huitikia baada ya wiki chache, ila kano na mifupa huchukua miezi. Ndiyo maana anayeanza kwa pupa hujiona ana pumzi tele, kumbe ugoko na goti bado havijawa tayari, na mwezi wa pili anachechemea.

Sasa nirudi kwa baba zetu. Kwa wiki tatu za mwanzo tembea dakika 2, kimbia 1, mpaka zitimie dakika 25, mara tatu kwa wiki. Kisha ongeza mbio na upunguze kutembea, taratibu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Usizitafute mwezi wa kwanza. Usiku mtoto akilia hadi alfajiri, siku hiyo tembea tu. Mwenye shinikizo la damu, kisukari au maumivu ya kifua amwone daktari kwanza. Na ule mtori unaopikwa kwa ajili ya mzazi, mwachie mzazi. Nimeona akina baba wakifuta sufuria nzima usiku, kisha wakishangaa mkanda kutofunga.

La mwisho ni la nidhamu ya nyumbani, na sitalisema kwa kuzungukazunguka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa baba siku zisizopungua 3 za likizo mtoto anapozaliwa. Ni chache mno, na wabunge wetu wanapaswa kuziongeza. Lakini baba anayelalamikia uchache wa siku hizo, kisha akatoweka kwa saa mbili kila asubuhi kwa jina la mazoezi na kumwachia mwenzake mtoto, nepi na moto wa jikoni, hana haki ya kumlaumu mbunge. Lydiard alikimbia kwa kufuata ratiba ya kazi na familia yake, hakuvikimbia.

Basi anza kesho, ndugu yangu. Dakika 25 zinatosha. Ukirudi, oga, mpokee mtoto, umwache mama yake alale.