Je, Wajua? Baridi Ndiyo Huamsha Mwembe

Je, wajua kwamba maembe utakayokula Noeli huamuliwa na ile baridi ya Juni na Julai inayokusogeza karibu na mbabula? Ndiyo, baridi! Usiku ukishuka chini ya nyuzi 15 kwa wiki kadhaa, vichipukizi vya mwembe huacha habari ya majani na kuanza kutoa maua. Hesabu miezi minne hivi kutoka hapo, embe hilo mkononi.

Ulidhani Kongo yote ni joto? Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kilomita 1,300 hivi kusini mwa ikweta. Usiku wa Julai huweza kushuka hadi nyuzi 7, huku Kinshasa ikibaki karibu na 18. Nchi moja, mwezi mmoja, blanketi tofauti!

Na nani huipokea habari ya baridi ndani ya mti? Majani! Watafiti walipong'oa majani yote ya tawi na kulitenga na matawi mengine, baridi ilikuja ikapita, na tawi halikutoa ua hata moja. Ni majani yaliyokomaa yanayotengeneza ujumbe na kuupeleka kwenye vichipukizi. Majani machanga hayajui kazi hiyo. Kwa hiyo wewe wa Katuba, wewe wa Ruashi hapa Lubumbashi, ukipunguza matawi ya mwembe mwezi wa tano, huenda umeyatupa maua ya mwaka mzima.

Hebu vuta shada moja la maua ulitazame kwa karibu. Huweza kubeba maua zaidi ya 1,000, kila moja dogo kuliko ukucha wa kidole chako cha mwisho! Mengi ni madume, hayatazaa kamwe. Ua lina vijiti vitano vya chavua, lakini kwa kawaida ni kimoja tu kinachofanya kazi, na katika kila maua 100 halifiki hata embe moja hadi kuiva. Shada likikupa maembe mawili, shangilia.

Na wanaobeba chavua hiyo ni nani? Pamoja na nyuki, ni nzi! Wale wale unaowafukuza mezani.

Sasa shika hili: baridi ile ile iliyoleta maua huweza kuyaharibu. Ikikaza karibu na nyuzi 10 wakati maua yanaundwa, chavua hudhoofika na kijusi cha mbegu hufa. Umewahi kuona maembe madogo kama yai, ambayo hayakui tena? Pasua kokwa la mojawapo: ndani hamna mbegu.

Mombasa je, ambako usiku wa Julai haushuki sana chini ya nyuzi 20? Huko mwembe huhesabu umri wa majani: yakifikisha miezi minne au mitano, tawi laweza kuchanua bila baridi. Ndiyo maana pwani ya Kenya huvuna mara mbili kwa mwaka, na mti mmoja waweza kuwa na maua upande huu na matunda upande ule!

Na binadamu, aweza kuuamsha mwembe? Wafilipino walikuwa wakiwasha moto wa moshi chini ya miembe, siku baada ya siku, mpaka ichanue. Kisha miaka ya 1970 mwanasayansi wao Ramon Barba akagundua kwamba kunyunyizia nitrati ya potasiamu kunatosha. Dawa rahisi, na maua huanza kuchomoza baada ya siku chache tu.

Haya, tuje kwenye avoka. Wajua kwamba kila ua lake hufunguka mara mbili? Mara ya kwanza ni jike, linafunga, kisha linafunguka tena likiwa dume! Baridi ikibana, ratiba huvurugika: ua huchelewa kwa saa kadhaa, au huruka zamu ya ujike kabisa. Mti mkubwa huweza kutoa maua milioni moja, na karibu yote hudondoka.

Papai lililokunjamana kama uso wa mzee? Baridi tena! Katika mipapai yenye maua ya jinsia mbili, ubaridi hugeuza sehemu za kiume za ua kuwa sehemu za tunda. Na mgomba karibu usimame kukua wastani wa joto ukishuka chini ya nyuzi 16. Mkungu wake huweza kukwama shinguni usitoke.

Lakini sikia ya mti wetu wenyewe. Mwembe ni mgeni kutoka Asia. Msuku ni mwenyeji wa msitu wa Katanga, na hausubiri baridi hata kidogo. Huchanua mvua zikinyesha, kisha hubeba matunda yake machanga kupita kiangazi chote chenye baridi, miezi minane au zaidi, hadi masuku yanapofika sokoni mvua mpya zikianza.

Tena misuku ina miti ya kike na miti ya kiume. Ukiona msuku usiozaa, usiukate kwa ajili ya makala: huenda ndio unaotoa chavua kwa masuku yote ya hapo jirani. Uache usimame!