CRP na picha ya moyo: kila kipimo na swali lake

Tuchukue mfano wa mkulima wa miaka hamsini na kitu, mkazi wa Litembo kwenye milima ya Mbinga. Akiketi barazani hasikii kitu. Akipandisha mlima na gunia la kahawa begani, kifua kinambana na maumivu yanashuka hadi mkono wa kushoto. Akipumzika dakika chache, yanaisha. Daktari anataka kujua kama misuli ya moyo wake inakosa damu. Vipimo viwili hutajwa sana katika utafiti wa maumivu ya namna hii, na ni rahisi kudhani kwamba kimoja chaweza kushika nafasi ya kingine.

Cha kwanza ni cha damu. Inflamesheni ni mwitikio wa mwili unapojeruhiwa au kuvamiwa na vijidudu: chembe za kinga hukusanyika palipodhurika na kutoa kemikali za kuita msaada. Kemikali hizo zikifika kwenye ini, ini hutengeneza kwa wingi protini iitwayo CRP, ambayo Tillett na Francis waliieleza mwaka 1930 baada ya kuikuta katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Hupanda ndani ya saa chache na kufika kileleni baada ya siku mbili hivi. Moyo unaingia hapa kwa sababu mafuta yanayojijenga kwenye kuta za ateri huchochea inflamesheni ya chinichini, ya miaka mingi. Kwa kipimo cha usikivu wa juu, chini ya miligramu 1 kwa lita huhesabiwa hatari ndogo, na zaidi ya 3 hatari kubwa. Ikipita 10, daktari hushauriwa atafute kwanza maambukizi, kisha apime upya.

Sharti hilo la mwisho ndilo zito kwa watu wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa. Malaria peke yake yaweza kupandisha CRP hadi makumi ya miligramu, hata kupita mia. Kifua kikuu huipandisha pia, na jipu la jino vilevile. Mvuvi anayerudi na usipa alfajiri huku homa ikimpanda, CRP yake haisemi lolote la kuaminika kuhusu ateri za moyo wake.

Kipimo cha pili ni picha ya mtiririko wa damu kwenye misuli ya moyo. Ateri iliyobanwa nusu bado hutosheleza moyo uliopumzika, kwa kuwa mishipa midogo iliyo mbele yake hutanuka kufidia. Majaribio ya Lance Gould na wenzake kwa mbwa, mwaka 1974, yalionyesha kwamba mtiririko wa mapumziko haushuki mpaka ateri ibanwe karibu asilimia 85, ilhali uwezo wa kuongeza mtiririko huanza kupungua kwenye asilimia 50 hivi. Ndiyo kusema mkulima wetu akipigwa picha amepumzika tu, moyo wake waweza kuonekana mzima. Kwa hiyo hutembezwa kwanza kwenye mashine ya mazoezi, au hupewa dawa ya kutanua mishipa, ndipo adungwe teknesiamu-99m iliyoambatishwa na kemikali inayonaswa na misuli ya moyo. Kamera ya gama husoma mionzi yake. Pengo linaloonekana wakati wa kazi na kujaa wakati wa mapumziko ni upungufu wa damu; linalobaki mara zote mbili, kwa kawaida ni kovu.

Picha, basi, huonyesha damu inafika wapi leo. CRP hudokeza hatari ya miaka ijayo, tena kwa kundi la watu zaidi kuliko kwa mtu mmoja. Mafuta laini yasiyobana njia huenda picha isiyaone, kisha siku moja yakapasuka na kuziba ateri ghafla. Ateri nyingine imebanwa sana lakini imetulia, na CRP iko chini. Sishangai kwamba tafiti zilizolinganisha namba ya damu na mapengo ya picha hazikupata jibu moja. Uhusiano wa inflamesheni na ugonjwa wenyewe ni wa kweli: mwaka 2017 utafiti wa CANTOS ulionyesha kwamba kuituliza kwa dawa ya canakinumab hupunguza mashambulizi ya moyo, ingawa vifo vya maambukizi viliongezeka.

Upo pia umbali. Teknesiamu hupungua nusu kila saa 6, na molibdeni inayoizalisha hupungua nusu kila saa 66, kwa hiyo haziwezi kuwekwa akiba kwa muda mrefu. Kamera hizi hukaa katika miji mikubwa, na kutoka Mbinga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000.

Kwa maoni yangu, safari hiyo isiamuliwe na CRP. Maelezo ya mkulima huyu, pamoja na shinikizo la damu, kisukari, sigara na ECG (kipimo cha umeme wa moyo), yanatosha kuanza matibabu na kumpa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Lakini maumivu yasiyotulia kwa kupumzika, yenye jasho na pumzi fupi, ni dharura, wala hayangoji CRP wala picha. Hapo ECG ifanyike ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike, na troponini, protini inayovuja misuli ya moyo ikijeruhiwa, ikiwa ya kawaida mara ya kwanza irudiwe baada ya saa chache, kwa sababu huchelewa kujitokeza kwenye damu.