Filimbi Ndani ya Sanduku la Fonografu

Katika sanduku la fonografu ya silinda, mashine ya kale ya kurekodi na kucheza sauti, macho ya wengi huishia kwenye pembe kubwa ya bati. Kitu adimu zaidi huenda kikawa filimbi ndogo ambayo watoto wangeichezea bila mtu kuwakataza.

Erich von Hornbostel, aliyeongoza hazina ya sauti ya Berlin iliyoanzishwa mwaka 1900, aliwaagiza wasafiri wapulize filimbi ya mitetemo 435 kwa sekunde mbele ya pembe, ndipo mwimbaji aanze. Mashine hizo ziliendeshwa kwa springi, na kasi yake haikuaminika. Silinda iliyorekodiwa kwa mizunguko 150 kwa dakika ikichezwa kwa 160, sauti yote hupanda zaidi ya nusu toni; mzee anasikika kama kijana na ngoma inakwenda mbio. Fundi wa leo huanza na filimbi: akirekebisha kasi mpaka mlio wa filimbi usome 435, mwimbaji naye amerudi kwenye sauti yake.

Mashine ya aina hii ilifika jirani kabisa na teritori yetu ya Masisi, mashariki mwa Kongo. Katika msafara wa Adolf Friedrich wa Mecklenburg wa mwaka 1907 na 1908, mwanaanthropolojia Mpolandi Jan Czekanowski alirekodi nyimbo nchini Rwanda kwenye silinda za nta. Utenzi wa Mwindo wa Wanyanga wa Walikale, teritori jirani, haukupata bahati hiyo. Msimulizi She-Karisi Rureke aliutoa mwaka 1956, ukanakiliwa kwa mkono, na mwaka 1969 Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakautoa kitabuni. Maneno tunayo, lakini mwimbo haumo katika kurasa. Ndiyo maana kila kifaa kinachosaidia kurudisha sauti ya zamani nakiona kina thamani kuliko bei yake sokoni.

Basi utavitambuaje vifaa hivyo? Chukua kioo cha kukuzia, utazame ncha ya johari iliyo chini ya kichwa, yaani sehemu inayogusa silinda. Ikiwa laini na ya mviringo, hicho ni kichwa cha kuchezea. Ikiwa na ukingo mkali uliochimbika kama kikombe, ni cha kurekodi, nacho hupatikana kwa nadra. Vichwa vya Edison vina herufi: C kwa silinda za dakika 2, H kwa zile za dakika 4 zilizoanza kuuzwa mwaka 1908. Usivibadilishane, kwani ncha nene ya C hukwangua mifereji myembamba ya dakika 4. Kijisu cha johari cha kukwangulia nta, ili silinda itumike upya, nacho wengi hukitupa wakidhani ni kipande kilichovunjika.

Adui mkubwa huku kwetu ni unyevu. Masisi ina baridi ya milima na mvua, Walikale ina joto la msitu, na kote kuvu hustawi. Kuvu hula nta na kuiachia vishimo visivyozibika. Usifute utando mweupe wa kuvu kwa maji wala mafuta, wala usifunge kifaa ndani ya mfuko wa plastiki. Tumia karatasi safi na sanduku kavu, mahali pasipo jua. Silinda isimamishwe wima na ishikwe kwa vidole viwili vilivyoingizwa ndani yake. Joto la kiganja linaweza kuipasua nta. Shaba usiisugue ing'ae. Mpira uliokauka kwenye kichwa ukibadilishwa, ule wa zamani uhifadhiwe. Na silinda ya nta usiijaribu kwenye mashine ya kale hata mara moja: kila mchezo huondoa sehemu ya sauti.

Vita vimewatoa watu wengi majumbani katika teritori hizi mbili, na anayekimbia hawezi kubeba pembe. Kichwa, filimbi na kasha lenye maandishi vinaingia mfukoni. Wazee na watunza vyumba vya misheni, kabla mnunuzi wa chuma chakavu hajafika, vipigeni picha vyote pamoja kwa simu, mwandike vilitoka wapi na kwa nani, kisha mtafuteni mtu wa makumbusho avitazame.