Moyo Baada ya Puto

Kenol, kwenye barabara kuu ya kwenda Nyeri, wasafiri wengi hushuka kula nyama choma. Anayepatwa na mshtuko wa moyo hapa akikimbizwa Nairobi, takriban kilomita 60, madaktari wa moyo huweza kuuzibua mshipa kwa puto dogo na kuacha ndani kibomba cha wavu wa chuma, yaani stenti. Njia ya puto ilianzia Zurich mwaka 1977, mikononi mwa daktari Andreas Grüntzig.

Mshipa hufunguka kwa dakika chache. Moyo hautengemai upesi hivyo.

Misuli iliyokosa damu kwa muda mfupi huwa imezubaa tu, haijafa. Huamka taratibu kwa siku au wiki kadhaa. Iliyokufa hugeuka kovu. Ndiyo maana kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, hurudiwa baadaye, na kila dakika ya njiani ina thamani.

Kosa linalosikitisha zaidi ni kuacha dawa kwa kuwa kifua hakiumi tena. Aspirini na dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, ambazo mara nyingi hutumiwa pamoja kwa mwaka mzima, huilinda stenti isizibe. Matembezi nayo huanza polepole, hadi sokoni na kurudi, yakiongezwa wiki kwa wiki kwa ushauri wa daktari.