Kabla ya Bomba la Dawa: Kuwaorodhesha Wadudu Kibibi wa Masisi na Walikale

Mwezi Machi 1934, Mbelgiji Gaston-François de Witte alikuwa Burunga, upande wa Mokoto, mashariki mwa Kongo, mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Alikuwa ametumwa kukusanya viumbe wa Hifadhi ya Taifa ya Albert, ambayo leo tunaiita Virunga, na wa maeneo yanayoizunguka. Fani yake ilikuwa nyoka na vyura, lakini mkono wake haukuchagua: panzi, nzi na mende wa kila aina waliingia chupani. Kila mdudu alipewa kikaratasi chenye mahali, mwinuko, tarehe na jina la mkusanyaji. Wadudu kibibi wa msafara huo, uliodumu tangu 1933 hadi 1935, walimfikia Leopold Mader, bingwa wa Austria wa jamii hiyo, naye akawaeleza kwa Kijerumani katika vitabu vitatu vilivyotoka 1941, 1950 na 1954.

Kwa hiyo anayetaka kujua wadudu kibibi gani waliishi katika milima hii miaka tisini iliyopita ana pa kuanzia. Anayetaka kujua ni wepi waliopo leo katika shamba la maharagwe la Mushaki, au katika mihogo ya pembezoni mwa Walikale, itambidi aingie shambani mwenyewe. Na kazi hiyo inamhusu mkulima kabla ya kumhusu mtu wa makumbusho, maana anayebeba bomba la dawa mgongoni huwapulizia wadudu hawa wote kwa pamoja, mlinzi wa mavuno na mwizi wake.

Sura moja, ulaji mbalimbali

Dunia ina takriban aina 6,000 za wadudu kibibi. Wengi wetu tunamjua mmoja tu: mviringo, mgongo mwekundu au wa njano, madoa meusi. Nyuma ya sura hiyo wamejificha walaji wa kila namna. Wapo wanaokula vidukari. Wapo wanaofuata wadudu gamba na wadudu unga kwenye kahawa, michungwa na mihogo. Wale wa jenasi ya Stethorus, weusi na wadogo mno, huwinda utitiri. Wengine hula ukungu mweupe unaotanda juu ya majani. Na lipo kundi zima, Epilachnini, linalokula majani yenyewe.

Inama kwenye mharagwe uliovamiwa na vidukari weusi. Ncha changa imejikunja, majani yananata kwa maji matamu yanayotoka kwa vidukari, na sisimizi wanapanda na kushuka wakiyaramba. Sisimizi hao hawapiti tu. Wanawalinda vidukari na kumfukuza kibibi anayekaribia. Hata hivyo, chini ya jani la jirani kuna mayai ya njano yaliyosimama wima, kumi, ishirini au thelathini pamoja, kwa kuwa kibibi jike hutaga palipo na chakula. Anayeanguliwa hafanani na mamaye hata kidogo: mwili mrefu, mweusi, mabaka ya rangi ya machungwa ubavuni, miguu sita yenye mbio. Anamshika kidukari, anamfyonza, anaacha ganda. Akikosa mawindo hugeukia mayai ya ndugu zake ambayo hayajaanguliwa. Hujivua ngozi mara kadhaa, hujibandika kwenye jani akawa bundo, kisha hutoka na mabawa. Penye joto safari hiyo huchukua wiki tatu hadi nne. Kwenye baridi ya milimani, zaidi. Kwa macho ya mtu asiyemjua, mtoto huyu ni kiwavi tu, na kiwavi shambani huuawa.

Sasa vuka mpaka kwenye maboga. Kibibi aliyeko huko naye ana madoa, ila mgongo wake haung'ai. Una vinyweleo vifupi vinavyoufanya ufifie. Mtoto wake ni wa njano, amejaa miiba yenye matawi, mzito wa mwendo. Jani alilopitia hubaki mishipa na utando mwembamba unaopitisha mwanga. Huyo ni wa kundi la wala majani. Mmoja wao, Henosepilachna elaterii, hushambulia maboga, matango na matikiti. Mwingine, Chnootriba similis, hula mahindi, mpunga na nafaka nyinginezo, na ana kosa la ziada. Mwaka 1966 ugonjwa wa virusi unaogeuza mpunga kuwa manjano ulionekana kwa mara ya kwanza Otonglo, karibu na Kisumu nchini Kenya, na uchunguzi uliofuata ukamtaja miongoni mwa mende wanaousambaza. Tangu hapo ugonjwa huo umeenea katika nchi nyingi za Afrika zinazolima mpunga, zao ambalo Walikale nako linalimwa.

Kwa hiyo kuhesabu madoa hakutoshi. Vinyweleo vya mgongoni, umbo la mtoto na alama ya meno kwenye jani ndivyo vinavyomtambulisha mlinzi na mwizi, na orodha yoyote isiyoandika mdudu alikutwa akila nini itamwacha mkulima palepale alipokuwa.

Barabara inayoshuka

Masisi na Walikale, wilaya mbili za Kivu Kaskazini, zinapakana, lakini kwa mdudu ni dunia mbili. Masisi ina kilomita za mraba 4,734. Walikale ina 23,475, karibu mara tano ya hizo, na sehemu kubwa ni msitu. Anayetoka Sake kupanda Mushaki, kupita Masisi-centre na Nyabiondo, kisha kuteremka hadi bonde la Lowa, anapita kwenye miinuko ya malisho inayokaribia mita 2,000 au kuizidi na kuishia Walikale chini ya mita 1,000.

Njiani mazingira yanabadilika hatua kwa hatua. Karibu na Sake kuna lava ya Nyamulagira, iliyotiririka kati ya 1938 na 1940 mpaka ikaingia Ziwa Kivu. Juu ya mawe hayo mimea imeota upya, na pamoja nayo wadudu wanaofyonza utomvu wake. Juu zaidi ni malisho ya ng'ombe yanayotoa jibini inayouzwa Goma hadi Kinshasa, mistari ya mikaratusi, na miteremko ya viazi, mahindi na maharagwe. Mabaki ya msitu wa milimani yamebaki kwenye vilele na makorongo. Upande wa Walikale inaanza michikichi, migomba, mihogo na mpunga, halafu msitu mkubwa unaoungana na Hifadhi za Kahuzi-Biega na Maiko.

Kila hatua ina wafyonzaji wake, na kila mfyonzaji huvuta wawindaji wake. Chukua migomba. Kidukari wake, Pentalonia nigronervosa, hujificha chini kwenye shina, ndani ya maganda ya majani, na ndiye anayesambaza virusi vinavyoifanya migomba idumae na majani yake kusongamana juu kama fungu moja. Kibibi mkubwa anayezurura juu ya maharagwe hawezi kupenya humo. Nani anapenya? Swali kama hilo hujibiwa kwa kufungua maganda ya mgomba mmoja mmoja, kule Walikale na kule Masisi, na kuandika kilichokutwa. Mdudu aliyekusanywa Mokoto kwenye mita 2,000 hatoi jibu la bonde la Lowa.

Somo la mihogo

Kongo inajua gharama ya kuchelewa kuwajua wadudu wake. Mnamo 1973 mdudu unga mgeni alionekana kwenye mihogo katika maeneo ya Kinshasa na Brazzaville. Ncha za mihogo zilijikunja na kudumaa, sombe, mboga ya majani ya mihogo, ikakosekana, na janga likaenea kuvuka ukanda wa mihogo wa Afrika. Mwaka 1977 Danièle Matile-Ferrero alimpa mdudu huyo jina la kisayansi, Phenacoccus manihoti. Mwaka 1980 yeye na Gérard Fabres walichapisha matokeo ya kazi iliyofanyika upande wa Brazzaville: wadudu gani wenyeji wameanza kumla mgeni huyu, na wanahusiana vipi. Wadudu kibibi wa jenasi za Hyperaspis na Exochomus walikuwamo.

Orodha hiyo ilikuwa na habari njema na mbaya. Vibibi wenyeji walimla mgeni kwa bidii, lakini waliongezeka baada ya yeye kuzaana sana, wakati shamba limekwisha kuharibika. Msaada ukabidi utafutwe alikotoka mgeni mwenyewe, Amerika Kusini. Mwaka 1981 nyigu mdogo anayetaga ndani ya mdudu unga alipatikana Paraguay, na mwaka huohuo taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, IITA, katika mradi ulioongozwa na Hans Herren, ikaanza kumwachia Nigeria. Nyigu alienea, mihogo ikapona, na mwaka 1995 Herren akapewa Tuzo ya Chakula Duniani.

Wakati mwingine kibibi mwenyewe ndiye shujaa. Katika kisiwa cha Saint Helena, miti ya gumwood isiyopatikana penginepo duniani ilikuwa ikiangamizwa na mdudu mfyonza utomvu. Mwaka 1993 Hyperaspis pantherina alipelekwa huko kutoka Kenya, akampunguza mdudu huyo, na miti ikanusurika. Katika visa vyote viwili, watu walifaulu kwa kuwa walijua kwa hakika nani anakula nini, wapi, na kwa kasi gani.

Mgeni anayebisha hodi

Ipo sababu nyingine ya kuharakisha. Harmonia axyridis, kibibi wa Asia Mashariki, alipelekwa Ulaya na Amerika kuua vidukari, kisha akatoka mkononi mwa waliomleta. Ni mkubwa, rangi zake hubadilika kutoka mwekundu mwenye madoa mengi hadi mweusi mwenye madoa mekundu, na hula hata mayai na watoto wa vibibi wengine. Alifika Uingereza mwaka 2004. Katika miaka mitano baada ya kuwasili kwake, kibibi mwenyeji wa madoa mawili alipungua kwa asilimia 44 nchini humo na kwa asilimia 30 nchini Ubelgiji.

Takwimu hizo zilipatikana kwa sababu kumbukumbu zilikuwapo. Waingereza walianza kuwaorodhesha wadudu kibibi wao kitaifa mwaka 1971, kwa msaada wa wananchi wa kawaida walioandika wamemwona nani, wapi na lini. Mgeni alipofika, hali ya awali ilikuwa imeandikwa tayari.

Harmonia ameshaingia Afrika Kusini, na mwaka 2011 watafiti walitangaza kwamba amepatikana Kenya. Baridi ya Masisi haiwezi kumtisha mdudu aliyezoea majira ya Ulaya. Akifika bila kukuta orodha, wenyeji watakaotoweka hawatakuwa na shahidi.

Kitambaa cheupe, fimbo na kalamu

Vifaa vya kazi hii ni vichache. Tandaza kitambaa cheupe chini ya tawi, ligonge kwa fimbo mara tatu, kisha tazama kilichoanguka. Kibibi huvuta miguu ndani na kujifanya mfu. Ukimshika, matone ya njano yenye harufu kali na ladha chungu hutoka kwenye maungio ya miguu yake, kinga yake dhidi ya ndege. Kwenye nyasi na maharagwe, wavu wa kitambaa hupitishwa kwa mkono. Picha ya simu inatosha kwa wakubwa kama Cheilomenes lunata, mwenye michoro ya mwezi mwandamo mgongoni. Kwa wale wa milimita mbili, kama jenasi ya Scymnus, picha haitoshi. Helmut Fürsch, Mjerumani aliyewachunguza wadudu kibibi wa Afrika kwa miongo mingi, aliwatenganisha wengi wao kwa kutazama viungo vya uzazi vya dume chini ya hadubini. Hao inabidi wahifadhiwe katika chupa ndogo ya spiriti ya duka la dawa, pamoja na kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli, kwani wino huyeyuka.

Swali gumu ni nani atakayefanya kazi. Februari 2024 mapigano yalikuwa Sake. Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, na Machi wakafika Walikale-centre. Familia nyingi zimeacha mashamba, zimerudi, zimeyaacha tena. Msafara wa wageni wenye magari na wapagazi, wa aina ya ule wa 1933, hauwezekani wala hauhitajiki. Anayeweza kutembelea shamba lilelile kila wiki ni mwenye kuishi hapo: mkulima, mwalimu na wanafunzi wake, mtaalamu wa kilimo wa groupement, yaani kundi la vijiji. Chuo Kikuu cha Goma, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilichoko Butembo, na kituo cha utafiti cha Lwiro huko Kivu Kusini vinaweza kupokea chupa, kutaja majina na kurudisha majibu.

Kurudisha majibu ndiyo sehemu ambayo kazi ya kikoloni haikuifikiria. Majibu hayo yafike kama bango la picha ukutani mwa shule na kwenye duka la dawa za kilimo: huyu na mtoto wake waache, yule na mtoto wake waokote kwa mkono. Mkulima aliyeona mayai ya njano na watoto weusi kwenye maharagwe yake ana sababu ya kusubiri siku chache kabla ya kununua dawa, na fedha hiyo ikabaki nyumbani. Mama anayechuma sombe naye ana sababu ya kuuliza kama shamba lilipuliziwa.

Msimu A, yaani msimu wa kwanza wa kilimo, huanza Septemba. Maharagwe huota, vidukari hufuata, na vibibi huja nyuma yao. Daftari lenye safu nne, yaani mmea, mahali na mwinuko, tarehe, na chakula alichokutwa nacho mdudu, linaweza kufunguliwa wiki hiyohiyo, Nyabiondo na Walikale kwa pamoja, bila kungoja mradi wowote kutoka nje.